Mbele Maombi, Nyuma Kazi

Mtaa mzima ulimwita Katibu. Jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa na mdomoni mwa mume wake tu, na mume mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, kwa hiyo hata huko halikutumika sana. Alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na kila aliyepita njiani alimwona amejiinamia, pini nne mdomoni, mguu ukienda. Alikuwa na mwandiko mzuri, herufi zimesimama wima kama zimepigwa pasi, na mwandiko huo ndio uliomponza.

Maana kanisa la mtaa ule lilikuwa dogo, na watu waliokuja kusali Alhamisi jioni ndio haohao waliokuwa kamati ya mtaa. Hapakuwa na watu wa kutosha wa kupenda vikao viwili. Wakanunua daftari moja kubwa la jalada gumu jeusi, wakakubaliana hivi: ukilifungua kwa mbele ni maombi, ukiligeuza na kulifungua kwa nyuma ni kazi. Mbele waliandikwa wagonjwa, wasafiri, watoto wenye mitihani, mabinti waliochelewa kuolewa, na bwana mmoja aliyekuwa ameoa kupita kiasi. Nyuma yaliandikwa mambo ya kufanya: kuzibua mtaro, kufyeka nyasi, kumjengea choo bibi wa kona, na siku yenyewe, na majina ya watakaokuja, na safu ya mwisho ya kuweka alama kwa waliofika kweli. Miaka ya mwanzo kurasa za nyuma zilikimbia kuliko za mbele. Baadaye mbele kukanona, nyuma kukakonda. Hakuna aliyelitambua hilo isipokuwa wifi yake Katibu, na huyo alikuwa na jicho la kuona kila kitu na mdomo wa kukisema.

Wifi huyu alikuwa dada mdogo wa mume, mwalimu wa chekechea, hajaolewa na wala hakuwa na haraka. Waliishi nyumba moja, wao wawili na mama yake wifi, yaani mama mkwe wa Katibu. Kila Alhamisi Katibu akirudi na daftari kwapani, wifi alimngoja mlangoni.

"Haya, leo mmemwagiza Mungu nini?"

"Tumemwombea kaka yako afike salama."

"Na mtaro uliojaa taka?"

"Na mtaro pia tumeuombea."

"Maskini Mungu wa watu! Mmemfanya kibarua."

Mama mkwe alikuwa akigeukia ukutani ili asionekane anacheka. "Mtoto wewe," alisema, "mdomo huo sijui umeurithi kwa nani." Na Katibu naye alicheka, kwa sababu hakuwa na mtu duniani aliyempenda kama wifi yake. Alipoharibikiwa na mimba, mara ya kwanza na mara ya pili, mume akiwa njiani na lori, huyo wifi ndiye aliyetandika mkeka kando ya kitanda chake akalala hapo wiki nzima, akimsimulia vituko vya watoto wa chekechea mpaka akacheka kwa lazima. Mambo hayo hayasahauliki.

Sasa sikiliza lilivyoanza.

Jumatatu moja adhuhuri, Katibu akiwa katikati ya sare za kwaya, gauni ishirini na mbili za kola nyeupe zilizotakiwa Jumapili, fundi seremala alisimama dirishani. Huyu fundi alikuwa na banda lake la kazi ndani ya kiwanja cha kanisa, ingawa kanisani kwenyewe alionekana kwenye harusi na misiba tu. Ndiye aliyejenga daraja la mbao la korongoni, lile ambalo nusu ya mtaa ililivuka kila siku kwenda shule, kliniki na sokoni.

"Hodi, Katibu."

"Karibu, fundi. Pita ndani."

"Sikai. Nina neno moja. Jana nimepita darajani nikasikia linalia. Nikashuka chini, nikaichoma boriti ya upande wa juu kwa bisibisi. Bisibisi imezama mpaka kwenye mpini." Akaitoa mfukoni akamwonyesha, kama shahidi. "Maji ya sabuni ya wanaofulia kule juu yameila kwa miaka saba. Kwa juu ni mbao, kwa ndani ni unga."

"Mungu wangu. Sasa inakuwaje?"

"Boriti mpya ipo. Ile iliyobaki tulipoezeka kanisa, imelala pale nyuma, mti mgumu, haina kasoro. Hainunuliwi. Ila ni nzito, inataka watu wanane kuinyanyua na kuishusha korongoni. Nipatie watu wanane, Jumamosi yoyote, lakini isiwe mbali. Mimi kazi yangu sitaki chochote."

Watu wanane, Jumamosi moja. Hicho tu.

Katibu alisema sawa, na alimaanisha. Fundi alipoondoka alilivuta daftari, akaligeuza, akalifungua kwa nyuma. Kalamu ikasita. Kuandika nyuma maana yake ni kutoka kwenda kugonga milango. Mara ya mwisho alipogonga, kwa ajili ya mtaro, alizunguka nyumba arobaini kwenye jua na watu watatu ndio waliofika, mmoja wao akiwa mama mkwe wake. Na mwanamume mmoja alimwambia mbele ya wanawe, "Katibu, siku hizi umekuwa serikali?" Watoto wakacheka. Aliirudisha aibu ile nyumbani akashona nayo wiki nzima. Sasa alizitazama gauni ishirini na mbili, akalitazama daftari, akasikia uchovu umemkaa kwenye mabega.

Akaligeuza daftari. Akafungua mbele, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Tuliombee daraja. Fundi anasema boriti ya upande wa juu imeoza. Mungu alishike.*

Alhamisi aliisoma kwa sauti. Mchungaji akaomba, tena akaomba vizuri, maana alikuwa na kipaji hicho; akamkumbusha Mungu watoto wanaopita pale na wazee wenye fimbo. Watu wakaitika Amina. Katibu alirudi nyumbani amepungukiwa na mzigo, mwepesi kabisa. Mimi nauogopa sana wepesi ule, kwa sababu mwili hauwezi kuutofautisha na ule wa mtu aliyefanya kazi akaimaliza. Alhamisi ya pili waliliombea tena. Ya tatu kuna waliolia.

Katikati ya hizo Alhamisi fundi alipita tena dirishani. Safari hii alikuwa na begi mgongoni; alikuwa anakwenda kufanya kazi ya wiki mbili mji mwingine.

"Katibu, lile jambo letu vipi?"

"Tumelishughulikia," akajibu Katibu, akakata uzi kwa meno.

Fundi akaona limeshapata watu, labda na fundi mwingine. Akashukuru, akaenda zake. Naye ana lake: aliwahi kufunga mti kuziba njia ya daraja, watu wakautoa kesho yake wakapita, naye hakuurudisha. Lakini alipoambiwa limeshughulikiwa aliamini, kwa sababu aliyemwambia ni mtu wa kanisa.

Daraja lilivunjika Jumanne asubuhi, hakuna mvua wala upepo. Wifi alikuwa katikati, mkoba begani, mkononi ameshika boksi la chaki. Waliokuwa ng'ambo wanasema halikupiga kelele kubwa. Lilikunjika tu upande wa juu, naye akateleza chali hadi kwenye mawe ya chini. Chaki zilitawanyika korongo zima, nyeupe na za rangi, na siku nyingi baadaye watoto waliendelea kuziokota.

Uti wa mgongo. Daktari aliwaeleza kwa upole, Katibu na mama mkwe wamesimama wameshikana mikono kama watoto. Kuanzia kiunoni kushuka chini hakuna kitu, na hakuna dawa ya kukirudisha. Kazi iliyobaki ni kumtunza: asafishwe, anyooshwe miguu, na ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, vinginevyo nyama itaanza kuoza akiwa hai. Katibu alilisikia neno hilo, kuoza, akaikumbuka boriti.

Fundi alirudi siku ya tatu. Alikuja hospitali moja kwa moja na begi lake, unga wa mbao ungali kwenye nywele, akamkuta Katibu kwenye korido katikati ya watu wa mtaani waliokuja kumwona mgonjwa.

"Katibu," akasema, "si nilikwambia?"

Nyuso zote zikamgeukia Katibu. Mama mkwe alikuwa palepale, kitambaa cha machozi mkononi. Ilikuwa nafasi ya kusema ndiyo, na mdomo wake ulifunguka kabisa kusema hivyo.

"Uliniambia nini?" akauliza.

Basi. Maneno mawili. Fundi alimtazama kwa muda, si kwa hasira hata. Kama anayetafuta mtu aliyemfahamu kwenye uso huo na hamwoni. Kisha akaondoka, na kuanzia saa ile mtaa ukawa umepata wa kumlaumu. Ikasemwa fundi aliweka mbao mbovu tangu mwanzo. Ikasemwa yule hata kusali hasali. Banda lake likaandikwa matusi kwa mkaa. Mkewe akaenda bombani akasusiwa, hakuna aliyempisha kwenye foleni. Wazee wa kanisa wakaitisha mkutano, Jumapili baada ya ibada, kuamua kama mtu wa namna ile aendelee kukaa kwenye kiwanja cha Bwana na banda lake, ambalo ndilo lililolisha mkewe na watoto wanne.

Na nyumbani sasa kulikuwa na kitanda sebuleni, pale ilipokuwa cherehani. Cherehani ilisukumwa jikoni. Mama mkwe mikono yake ilikuwa na baridi yabisi, asingeweza kugeuza mtu, kwa hiyo kazi ile ilikuwa ya Katibu. Alijifunza haraka: mkono mmoja chini ya bega, mmoja chini ya nyonga, hesabu mpaka tatu, mto katikati ya magoti. Na jambo lililomwumiza kuliko yote ni kwamba wifi yake alikuwa ameacha utani. Yule aliyekuwa akimcheka kwa kumfanya Mungu kibarua, sasa kila alipotaka kugeuzwa alimshika mkono kwanza.

"Wifi, niombee kidogo."

Katibu alimwekea mkono kwenye paji la uso akaomba. Alijua vizuri sana anachokifanya. Ni mkono uleule ulioandika.

"Amina," wifi alisema, macho yamefumbwa. Kisha: "Yule fundi, wifi. Usiku namwona anapigilia misumari. Alijua kabisa watoto wanapita pale. Mtu mwenye roho gani yule?"

"Tulia sasa. Nakugeuza."

"Waje wanibebe Jumapili. Nataka wamfukuze nikimwona."

Ijumaa Katibu alikwenda kwa mchungaji. Alimkuta ofisini, chumba chenye meza moja, viti viwili na ndoo ya kukingia paa linalovuja, ambalo nalo lilikuwa limeombewa. Akaliweka daftari mezani, akalifungua mbele kwenye ukurasa wenyewe. Mchungaji akavaa miwani akasoma. Akaivua. Alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi na moyo mwema, na hakujifanya haelewi.

"Haya maombi niliyaongoza mimi," akasema.

"Ndiyo, mchungaji."

"Dada, usijibebeshe mambo makubwa kuliko wewe. Daraja limevunjika kwa sababu Mungu ameruhusu. Makusudi yake hatuyajui leo."

"Mungu aliruhusu, sawa. Lakini fundi alikataza."

Mchungaji akakohoa.

"Nimewaza sana jikoni," Katibu akaendelea. "Tulimwomba Mungu alishike daraja. Lakini kabla hatujaomba, alishamtuma mtu. Alileta jibu mpaka dirishani kwangu, limeshika bisibisi. Mimi nikamrudishia Mungu jibu lake, nikamwambia tuangalizie hili. Alhamisi tatu, mchungaji. Tulikuwa tunamwomba kile alichokwisha kutupa. Na boriti iko pale nyuma mpaka leo, watoto wanaikalia wakila."

"Ukisimama Jumapili ukasoma hayo, kesho nani atakuja kuomba?"

"Sijui."

"Na nyumbani kwako? Mama mkwe wako? Mgonjwa mwenyewe? Mumeo akirudi?" Akalifunga daftari taratibu, akalisukuma upande wake. "Fundi ni mtu mmoja. Atapata kiwanja kingine. Ninyi ni watu wengi, na mmeumia vya kutosha."

Alisema akiwa anatazama ndoo. Macho yake yalikuwa mekundu, na Katibu akaelewa kwamba mzee huyu naye halali. Lakini kuelewa hakukumsaidia. Alirudi akamgeuza wifi yake, akaenda jikoni, akakaa kwenye kiti cha cherehani na wembe wa kufumulia. Ukurasa mmoja tu. Angeukata karibu kabisa na uzi, kwa mkono wa fundi wa nguo, hata mwenye darubini asingejua. Akauweka wembe kwenye karatasi. Akafikiri maisha yatakavyokuwa: ataendelea kuombwa maombi kila baada ya saa mbili, miaka ishirini, thelathini, na ataendelea kuyatoa. Akafikiri na upande wa pili: akisema, atampoteza wifi yake akiwa bado anamgeuza. Hakuona njia ya tatu. Akalia bila sauti, shanga za jasho kwenye shingo, mpaka chai iliyokuwa jikoni ikachemka ikamwagika ikazima moto. Wembe akaurudisha kwenye kopo la vifungo, ukurasa ukiwa mzima, lakini si kwa ushujaa. Alishindwa tu kukata.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Wifi alitakiwa abebwe kitandani kama alivyo, godoro na kila kitu, na mchungaji hakuwahi hata kumaliza kutangaza. Wanaume walisimama wenyewe, kila mmoja akitaka kushika upande. Katibu alitembea nyuma yao akiwahesabu, hakutaka kuhesabu lakini alihesabu. Walikuwa wanane.

Kitanda kikawekwa mbele, karibu na mimbari. Fundi alisimamishwa upande wa pili, kofia mkononi. Mzee wa kanisa akamwuliza ana nini cha kusema.

"Nilisema mara ya kwanza na sitabadilisha," fundi akajibu. "Boriti iliyooza niliiona. Nilikwenda kwa Katibu nikamwambia. Nikaomba watu wanane. Mtu akinifukuza anifukuze, lakini sikukaa kimya."

Kanisa likaguna. Wifi akageuza kichwa kwenye mto, kwani mwili hakuweza kuugeuza mwenyewe, akamtafuta Katibu kwa macho. "Wifi, mwambie aache uongo."

Katibu akasimama. Daftari lilikuwa kwapani, kama kila siku, na wala hakumbuki alivyofika mbele. Mchungaji alitikisa kichwa kidogo sana, kumkataza au kumwonea huruma, hajajua mpaka leo. Hakutoa utangulizi wowote. Alifungua ukurasa akasoma kwa sauti yake ya Alhamisi, kwa sababu hakuwa na sauti nyingine ya kusomea daftari lile.

"Tuliombee daraja. Fundi anasema boriti ya upande wa juu imeoza. Mungu alishike."

"Amina," kanisa likaitika.

Lote. Kwa mazoea, kwa sauti moja, kama walivyokuwa wameitika zile Alhamisi tatu. Wazee, kwaya yenye kola nyeupe, wale wanane waliobeba kitanda. Wakajisikia wakiitika. Mwanamke mmoja nyuma akaziba mdomo wake kwa kiganja, amechelewa.

"Aliniambia," Katibu akasema. "Nilimjibu tumelishughulikia. Hospitali nikamkana. Hajasema uongo hata neno moja."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha mbele. Akainuka kwa shida, watu wakadhani anakwenda kumpiga mkamwana wake, na pengine hata yeye alidhani hivyo. Alifika, akanyoosha kidole chake kilichopinda akakiweka kwenye karatasi, juu ya maandishi.

"Hii siku nilikuwepo," akasema polepole. "Na mimi niliitika." Akamtazama binti yake kitandani. "Mwanangu, na mimi niliitika." Akakaa chini palepale sakafuni.

Wifi hakulia. Alikuwa anatazama dari.

"Geuza daftari," akasema.

"Wifi..."

"Geuza. Nyuma mliandika nini?"

Katibu akaligeuza. Ukurasa wa mwisho wa kazi ulikuwa wa miezi kumi na minne nyuma. Akausoma, maana aliombwa: "Kupaka rangi mimbari. Waliofika, saba." Baada ya hapo kulikuwa na mistari mitupu, ukurasa baada ya ukurasa, naye akaendelea kufunua mmoja baada ya mwingine mbele ya watu wote, kana kwamba anaamini kuna mahali patatokea kitu.

Fundi akavaa kofia yake. "Mimi sikuja kuwaomba mniombee," akasema, si kwa kelele. "Nilikuja kuwaambia." Akatoka kwa mlango wa pembeni. Wanane wale wakabeba kitanda kukirudisha, na njia nzima hakuna aliyesema kitu zaidi ya shika hapo, angalia jiwe. Wifi alijifunika shuka usoni.

Mchana ule hakuzungumza. Wala jioni. Katibu alipomgeuza alijifanya mzigo, hakumpa mkono, hakufungua macho. Mama mkwe alikaa mlangoni, chakula hakushika. Mume alipiga simu kutoka barabarani akauliza mbona nyumba kimya hivi, Katibu akashindwa aanzie wapi, akasema mtandao unakatika.

Asubuhi aliingia sebuleni na beseni la maji ya moto. Kiti cha mama mkwe kilikuwa kitupu, kanga yake haipo msumarini. Kwa mbali, upande wa korongo, kulikuwa na nyundo inagonga, inanyamaza, inagonga tena, na sauti za watu, wachache au wengi haikuwezekana kujua.

"Mama yuko wapi?" Katibu akauliza, akijua hatajibiwa.

"Ameenda kunyanyua boriti," wifi akasema, uso ukiwa ukutani. Sauti ilikuwa kavu, haina utani wala chuki, imechoka tu. "Na ile mikono yake."

Katibu aliweka beseni chini. Alikausha viganja kwenye gauni, akaja kitandani. Kwa mazoea ya wiki zile zote mkono wake ulikwenda kwenye paji la uso la wifi yake, na midomo ikaanza kufunguka.

Wifi akakisogeza kichwa pembeni.

"Usiniombee," akasema. "Nigeuze."

Katibu akapitisha mkono mmoja chini ya bega, mmoja chini ya nyonga, akahesabu mpaka tatu, akamgeuza.